Pipa Nililoliosha kwa Wivu

Kwako dada yangu, uliyenilea kabla hujamaliza kulelewa mwenyewe,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa chini, maana nakujua: ukiisoma umesimama utaisoma nusu, na hiyo nusu nyingine utaisoma mboga zikiungua. U hali gani? Goti limepoa, au bado linakutabiria mvua? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Mwambie yule mdogo wa mwisho kwamba mama mdogo wake hajasahau ahadi ya viatu, ila viatu navyo vinaona aibu kuja peke yao.

Sisi huku wazima. Mtoto ameota jino moja la chini na sasa ananiuma kwa heshima zote, akishaniuma ananitazama usoni na kucheka. Mshono wangu wa upasuaji umefunga vizuri, unawasha kidogo tu kukiwa na baridi. Nakula, nalala, nanenepa mashavu. Utanisamehe mwandiko, shule nilionja tu kama chumvi, unajua mwenyewe.

Umeniandikia kwamba umesikia bia ya mume wangu ilisifiwa mno kwenye harusi ya mdogo wake, na kwamba mimi nilipigiwa vigelegele mbele ya wakwe. Dada, ni kweli. Lakini huyo aliyekuletea habari alikuwa upande wa viti. Upande wa mapipa hakuuona. Kaa sawa nikusimulie, na usinihukumu mpaka ufike chini ya karatasi.

Unajua mume wangu mchana ni fundi wa viti, anavisha makochi vitambaa. Siku zake za mapumziko ndipo anapopika bia, kwenye kile chumba chetu cha nyuma chenye tundu la hewa tu. Anachemsha kimea, anachuja, anapoza, anatia hamira, kisha kila kitu kinaingia kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko na kuachwa kifanye kazi yake. Watu wanadhani ufundi uko kwenye kupika. Hapana. Bia inaharibiwa na uchafu usioonekana. Pipa likiwa na mkwaruzo mdogo kama unywele, humo ndimo vijidudu wanamojificha wakingoja bia mpya, na ukifungua unakuta siki. Kwa hiyo kuosha pipa ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ilikuwa yangu. Brashi hairuhusiwi kwa sababu inakwaruza, ni sponji laini, maji ya moto, dawa, na mkono mrefu mwembamba unaofika chini bila kugusa ukingo. Mume wangu aliniita Mkono. Alikuwa akiita tu, Mkono uko wapi, nami naacha chochote naenda.

Na nyumbani kwao wana mazoea yao, waliyarithi kwa baba yao: siku ya kufungua pipa, kikombe cha kwanza hapewi mgeni wala mkubwa. Anapewa yule ambaye mkono wake uliingia ndani ya pipa. Tangu tuoane kikombe hicho kilikuwa changu. Hata nilipokuwa mjamzito nilipewa, nikalowesha midomo na kukirudisha. Ni kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja, lakini dada, nilikuwa nakingoja kama watu wanavyongoja mshahara.

Basi nikajifungua kwa kisu. Daktari akasema nisiiname, nisiinue kitu kizito kuliko mtoto. Mume wangu akahangaika, akajaribu kuosha pipa mwenyewe, na mikono yake minene ile, bia ikatoka kama siki ya kachumbari. Wiki iliyofuata akarudi nyumbani akiwa na furushi la mifuko mikubwa, laini, inayopitisha mwanga, akanionyesha kama mtu aliyeokota dhahabu. Akanieleza kwamba mfuko unatandikwa ndani ya pipa, bia inachachukia humo ndani ya mfuko, haigusi pipa kabisa. Bia ikishahamishwa, unakusanya mdomo wa mfuko, unaunyanyua pamoja na mashapo yake yote, unatupa. Hakuna kuosha. Hakuna dawa. Akasema kwa sauti ya upole sana kwamba sasa mikono yangu itapumzika.

Nikasema ahsante, mume wangu. Kisha nikageukia ukutani nikajifanya nanyonyesha.

Nilijua alifanya kwa huruma. Hilo nililijua siku ileile. Lakini kujua hakuzuii kitu, dada. Nililala pale nikawaza kwamba kitu cha kutumiwa mara moja na kutupwa kimechukua kazi ya mtu wa kudumu. Na laiti ingekuwa ni mfuko peke yake! Mfuko ulikuja na mwenyewe.

Mlango wa tatu kutoka kwetu anakaa mwanamke anayeuza vifungashio, mtaa mzima unamwita Mama Nailoni ingawa sijawahi kumwona mtoto wake. Ndiye aliyemuuzia mume wangu mifuko, na ndiye aliyemwonya kwamba si kila mfuko unafaa. Wa takataka una harufu na dawa, unaotakiwa ni ule wa kuwekea chakula. Akamwambia pia kwamba kutandika kuna ufundi wake na akajitolea kuja kumwonyesha. Aje mara moja, nikafikiri. Akaja kila siku ya kupika.

Kitanda changu kilikuwa kimekaa sawasawa na mlango wa chumba cha nyuma, kwa hiyo niliiona sinema yote. Mama Nailoni anasimama upande huu, mume wangu upande ule, wote wameinama, vichwa viwili ndani ya pipa moja. Anamfundisha kwamba mfuko unalainishwa kuanzia chini kwenda juu, kwa kiganja si kwa vidole, mpaka hewa yote itoke kati ya mfuko na pipa, kwa sababu mkunjo ukibaki mashapo yanajibanza humo. Mdomo wa mfuko unageuzwa nje ya ukingo na kufungwa kwa utepe wa mpira. Mikono minne ndani ya mfuko mmoja! Na wakicheka, kile kicheko kinatokea ndani ya pipa kimeshanenepa, kinakuja mpaka kitandani kwangu na kuketi. Nilimuuliza mume wangu walikuwa wanacheka nini. Akasema hata hakumbuki. Bora angedanganya.

Nikaanza kumchunguza yule mwanamke. Dada, nilimsoma kama kitabu cha dini. Nilijua siku anaposuka nywele na siku anapofumua. Nilijua gauni lipi anavaa akija kwetu na lipi anavaa akienda sokoni, na lile la kwetu lilikuwa zuri zaidi, au niliona hivyo. Mikono yake ndiyo niliyoichungulia kupita yote. Mikubwa, imetulia, kucha fupi, haina pete wala bangili. Hata nikifumba macho naiona hadi leo. Mume wangu alipomsifu mbele yangu kwamba ana mkono mwepesi, nilimwambia kwa unyenyekevu kwamba mtoto amejisaidia na leo ni zamu yake.

Mama mkwe alikuwa kwetu wakati huo, amekuja kunisaidia mtoto. Unamfahamu, mwema lakini ulimi wake hauna mfuniko. Akawa ananitania eti mwanamke anayekodoa vile atapata kengeza kabla ya mtoto kutambaa. Akaniambia nipunguze, maana mume wangu hajaibwa, ameinama tu. Nikacheka naye. Moyoni sikucheka.

Ndipo ikaja harusi ya shemeji yangu mdogo. Ikaamuliwa bia yote ya ndugu itoke kwetu, pipa kubwa lijazwe hadi shingoni, nalo lifunguliwe palepale ukumbini mbele ya ukoo mzima. Wote walilisherehekea jambo hilo, mimi nikawaza kitu kimoja tu. Kikombe cha kwanza. Mkono wangu haujaingia ndani ya pipa miezi hiyo yote. Mkono wa nani umeingia? Nikaliona tukio zima: mume wangu anainua kile kikombe cha bati, anaangaza macho, anampita mkewe aliyekaa na mtoto, anakipeleka kwa muuza mifuko. Na hatakuwa na kosa, atakuwa amefuata mazoea ya baba yake. Shangazi zake watanitazama usoni waone nimeipokeaje.

Sikuweza, dada. Asubuhi ya siku ya kupika, kabla watu hawajaamka na mtoto amelala, nikatoka na gauni langu lile la kunyonyeshea lililokatika kifungo, nikaenda chumba cha nyuma. Pipa lilikuwa limesimama na vumbi lake, mjusi ameliachia zawadi ndani, kwa sababu tangu mifuko ije hakuna aliyelijali. Nikachemsha maji. Nikalilaza pipa ubavu ili nisiinue, nikaingiza kichwa na bega, nikaliosha kama nilivyozoea: sponji, dawa, maji ya moto, tena maji ya moto. Mshono ukanivuta kidogo, sikujali. Nikamwaga maji, nikalisimamisha, nikainamia ndani na kitambaa safi nilichokipasha moto kwa pasi, nikalikausha mpaka chini ili asitambue mtu. Niliporudi kitandani nilikuwa na furaha ya mwizi. Sasa na mimi mkono wangu umeingia. Akimpa kikombe yule, nitakuwa na neno la kusema.

Kulipokucha wakaja, wakatandika mfuko wao juu ya kazi yangu, wakacheka kicheko chao, wakamimina bia, wakatia hamira, wakafunga. Nami nililala nimetabasamu, mama mkwe akadhani nimepona.

Siku zikapita, harufu ya hamira ikajaa nyumba nzima kama kawaida. Kisha siku moja baada ya chakula cha mchana mume wangu akafunua pipa atazame, tukamsikia amenyamaza. Unajua kuna kunyamaza na kunyamaza. Tukaenda. Kati ya mfuko na ukuta wa pipa palikuwa na bia, povu limezunguka nje ya mfuko kama shanga. Mfuko ulikuwa umetoboka mahali fulani chini na bia imevuja ikajaa pembeni.

Mama Nailoni akaitwa, akaja mbio na unga mikononi. Alipoona akajishika kiuno. Akasema bia iliyotoka nje imegusa pipa lisiloogeshwa tangu enzi, na kwa kuwa inatoka na kurudi kupitia tundu lilelile, si ajabu yote imeshaambukizwa. Mume wangu akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka uso mikononi. Muda wa kupika nyingine haukuwepo. Mama mkwe akaanza kuomboleza kana kwamba bwana harusi ndiye aliyekufa.

Basi mimi nikafungua kinywa. Nikasema halina neno, pipa ni safi, nililiosha mwenyewe asubuhi ile kwa maji ya moto na dawa. Mume wangu akainua uso. Akachota kidogo kwa kijiko, akanusa, akaonja, akaonja tena, akampa Mama Nailoni naye akaonja. Bia ilikuwa nzima. Nzima, dada! Haraka wakachemsha maji, wakasafisha pipa la akiba, wakaihamisha yote kwa bomba la mpira. Mume wangu aliniita Mkono, mara ya kwanza tangu nijifungue. Kwa dakika ile moja nilikuwa malkia wa mtaa.

Dakika moja tu. Mama mkwe alikuwa ameuinua ule mfuko mtupu kwenye mwanga. Akalipata tundu, dogo, la mviringo, pale chini kabisa. Akasema mshono wa mfuko ukifumuka huchanika kwa urefu, hili limechomwa. Kisha akanigeukia taratibu akaniuliza ni nani aliyenituma kuosha pipa lisilohitaji kuoshwa. Akauliza tena, safari hii akiwauliza wote: ni mtu gani anaosha pipa litakalovikwa mfuko, kama si mtu anayejua kwamba mfuko huo utavuja? Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Akasema wivu aliouona kwenye nyumba hii aliuchukulia mzaha, kumbe una sindano.

Dada, nilimtazama mume wangu. Nilitaka aseme neno moja tu, hata mama acha. Hakusema. Alinitazama, kisha akatazama sakafu, na mimi nikaona jinsi hesabu ile ilivyomkalia sawasawa. Hata mimi ilinikalia sawasawa! Kama ningekuwa yeye ningesadiki. Nikaapa kwa mtoto kwamba sikutoboa. Mama mkwe akasema mtoto asitiwe kwenye maneno ya watu wazima.

Hapo ndipo Mama Nailoni akauchukua ule mfuko kutoka mkononi mwa mama mkwe. Akalitazama lile tundu, akanitazama mimi, muda mrefu kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba wasimsumbue mzazi, kosa ni lake. Siku ya kutandika alikuwa amevaa pete, na alipoisukuma pembe ya chini akahisi imekwama, akapuuza. Ni pete yake iliyotoboa.

Yakamgeukia yeye. Mama mkwe alimwambia maneno ambayo sitayaandika, mtoto akija kujua kusoma asiyakute. Kwa ufupi ni kwamba aende na nailoni zake na asionekane ukumbini. Mama Nailoni akainama akaokota utepe wake wa mpira, akatoka. Mume wangu akamfuata hadi mlangoni na kumwambia jambo kwa sauti ya chini, na mimi, aibu kusema, katikati ya yote hayo nilitega sikio nijue ni jambo gani.

Lakini pete, dada. Pete gani? Mikono ile nimekwambia naijua. Haina pete. Haijawahi kuwa na pete. Alidanganya mbele yetu sote kunitoa mimi, na hakuna aliyejua uongo wake isipokuwa mimi niliyemchungulia. Unadhani nilishukuru? Nilizidi kuungua. Niliwaza kwamba sasa ameniweza kabisa. Mume wangu atamwona mwungwana anayebeba makosa yake, na mimi mwenye mdomo nimesimama tu. Nilimwonea wivu mpaka wema wake.

Wote walipotawanyika nikaachiwa lile pipa lililovuja nilisafishe, kazi yangu imenirudia. Nikalilaza ubavu, nikaingiza bega. Pale chini kabisa, kwenye ule mfereji unaozunguka kitako cha pipa, kidole changu kikachomwa.

Ilikuwa pini ya nepi ya mwanangu, imefunguka, kichwa kimekwama kwenye mfereji na ncha imesimama juu.

Gauni langu halikuwa na kifungo, si nimekuambia? Nilikuwa nimelibana kifuani kwa pini ya mtoto. Asubuhi ile nilipoinama kukausha, ikafunguka na kuanguka, nami kwa haraka ya mwizi sikuisikia. Wakatandika mfuko juu yake, bia ilipojaa uzito ukaulaza mfuko juu ya ncha. Kwa hiyo mama mkwe alisema kweli bila kujua, nami niliapa uongo bila kujua. Aliyeiokoa bia na aliyeutoboa mfuko ni mtu mmoja, kwa mkono mmoja, asubuhi moja, kwa sababu moja. Nilikaa sakafuni nikanyonya damu kidoleni. Sikujua nicheke au nilie, basi nikafanya vyote kwa zamu.

Ungedhani nilitoka palepale nikasema. Sikusema. Niliifunga pini kwenye pindo la kanga, kila nikitaka kufungua mdomo namwona mama mkwe anavyonitazama kwa upole mpya, ananitengea kiti, ananiambia nimsamehe mzee kwa ulimi wake. Nilimsamehe, dada, nikaupokea na upole wenyewe. Ulikuwa mtamu.

Harusi ikafika. Ukumbi umejaa, pipa limewekwa mbele, mume wangu amevaa shati jeupe. Akafungua, akajaza kile kikombe cha bati, akasema mbele ya ukoo kwamba bia hii ingemwagwa kama si mkono ulioosha pipa pasipo kutumwa. Akaja moja kwa moja hadi kwangu. Vigelegele. Shangazi zake wakasimama. Kile kitu nilichokuwa nimekililia kitandani, hiki hapa mkononi, kimejaa hadi ukingoni, baridi. Nikakileta mdomoni nikalowesha. Bia ilikuwa safi, labda safi kuliko zote alizowahi kupika, na ikakataa kushuka.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikafunika kikombe kwa kisahani, nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nilitembea mtaa mzima na kikombe kile polepole kama mtu aliyebeba yai. Vijana wa kona wakaniuliza eti mama, harusi imekufukuza na kinywaji chako? Sikujibu, ningemwaga.

Mama Nailoni alikuwa amekaa mlangoni kwake anapanga vifungashio. Nikampa kikombe. Akauliza ni cha nani. Nikamfungulia pindo la kanga, nikaiweka pini juu ya kiganja chake, nikamweleza yote kuanzia kifungo cha gauni. Nikamweleza na wivu pia, maana bila wivu kisa hakikamiliki. Hata mtoto mgongoni akaacha kucheza na nywele zangu.

Aliitazama ile pini, akaanza kucheka, kicheko kilekile cha ndani ya pipa, ila sasa nilikuwa karibu nacho nikaona kina mwanya wa jino. Akaniambia kwamba yeye muda wote aliamini nimetoboa kwa makusudi, na alishangaa tu kwa nini nilichelewa. Nikamuuliza sasa kwa nini ukajisingizia. Akasema mtu mwenye mshono tumboni na mkwe ndani ya nyumba haongezewi kesi. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba jicho nililokuwa namtazamia kutoka kitandani alilitambua siku ya kwanza, kwa sababu aliwahi kuwa nalo yeye, katika nyumba ambayo hakai tena. Na huko hapakuwa na mtu wa kusema ni pete yangu.

Akanywa. Akasema shemeji angeongeza kimea. Alipomwita mume wangu shemeji, hapo nikajua tumeshakuwa ndugu.

Nilirudi ukumbini na kikombe kitupu. Mume wangu aliniuliza bia imeenda wapi, nikamvuta nyuma ya jiko nikamwambia kila kitu, nikalia kidogo. Yeye akakuna kidevu. Akaniambia nisimkasirikie, lakini tangu siku ile na yeye aliamini ni mimi niliyetoboa. Nikamuuliza sasa mbona umenipa kikombe mbele ya ndugu zako wote. Akasema, nani mwingine nimpe? Hivyo tu, dada, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapita mlangoni. Aliniona mkosaji, na bado alivuka ukumbi mzima kunifuata. Sijui niseme nini juu ya mtu wa namna hiyo. Nilimfunga kifungo cha shati, kilikuwa kimefungwa tayari.

Mama mkwe bado hajui. Huyo nitamwambia siku utakayokuja, nisimame nyuma yako.

Na usidhani nimepona. Juzi Mama Nailoni alipita akamsalimia mume wangu kwa bashasha, nikajikuta nimeshika ufagio na sakafu nilishafagia. Wivu upo, ila siku hizi nikiuona naujua kwa sura. Jumamosi tunapika tena. Nimemwomba anifundishe mimi kutandika, mimi na si mume wangu, na amekubali, amesema nikate kucha. Nimeshazikata. Nikishajua vizuri hatakuwa na sababu ya kuja kwetu, na ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo. Lakini tangu jana, nikiwa nanyonyesha, najikuta natafuta kitu kingine nisichokijua, ili nimwambie aje anifundishe na hicho.

Mkono wa mtoto nimeuchora hapo pembeni ya karatasi uone ulivyokua, hilo doa ni mate yake, si chozi langu. Mpe shemeji salamu zangu, watoto wabusu mmoja mmoja, yule wa viatu umbusu mara mbili. Goti ulikande kwa maji ya moto na usibebe ndoo, una watoto wakubwa. Nijibu upesi, na ukinigombeza nigombeze kwa mwandiko mkubwa nisome bila kuomba msaada.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
mama wa huyo mwenye jino moja